Pakua Vielelezo Kabla ya Kipindi
Kwa mwalimu wa sayansi aliyeko Makete, Mufindi au Rungwe, ambako mvua ikishika umeme na mtandao huweza kukatika katikati ya kipindi, ni vema kupakua mapema vielelezo vya bure vya PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, vinavyotolewa na Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, kwa kuwa faili likishahifadhiwa kwenye kompyuta hufunguka katika kivinjari bila intaneti. Katika kielelezo cha saketi, waulize kwanza wanafunzi mwanga wa balbu utakuwaje ukiongeza balbu ya pili kwa mfuatano. Waandike makisio yao daftarini, ndipo uunganishe waya. Ukionyesha video ya jaribio, nayo isimamishwe kabla ya matokeo kuonekana, maana ikiachwa mfululizo darasa hugeuka ukumbi wa sinema. Projekta si lazima. Kompyuta moja hutosha kikundi kimoja baada ya kingine.