Acheni kunyunyizia nyasi kila jioni: ushauri kwa watunza viwanja vya gofu na bustani Dar es Salaam

Nyasi nyingi za viwanja vya gofu na bustani za hapa Dar ni jamii ya ukoka. Ukoka unavumilia jua, unavumilia kukanyagwa, hata chumvi kiasi unaimudu. Ukiona ukoka umeshindwa katika joto hili la pwani, mtazame kwanza anayeshika mpira wa maji.

Mbolea na ukataji mnavijua. Kinachowagharimu ni kumwagilia kidogo kidogo kila jioni. Jua likizama, kijana anapitisha mpira dakika chache, majani yanang'aa, mwenye uwanja anaridhika. Maji hayo ni kama milimita 3 tu. Kwenye udongo wetu wa kichanga hayafiki hata sentimita 5 chini. Mizizi nayo inabaki juu juu, na maji yakikatika siku tatu uwanja unakauka. Tena majani yanalala na unyevu usiku kucha, kuvu inapata nafasi. Asubuhi unakuta mabaka ya mviringo, na jani ukilivuta linachomoka kirahisi, chini limeoza. Hapo watu hukimbilia duka la dawa, huku mpira ukiendelea kumwaga jioni ileile.

Wenye visima karibu na bahari wanaumia zaidi. Maji yenye chumvi yakimwagwa kidogo, jua huyakausha na chumvi inabaki palepale kwenye mizizi.

Ukoka unahitaji takriban milimita 25 kwa wiki wakati wa kiangazi. Zigawe mara mbili, mfano Jumatatu na Alhamisi, kila mara milimita 12, yaani lita 12 kwa kila mita ya mraba. Maji ya kisima chenye chumvi, ongeza lita 3, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Anza saa 10 alfajiri, umalize kabla ya saa 1 asubuhi. Si saa 12 jioni! Nimelisema hili mara nyingi, na bado napita jioni nakuta mipira imefunguliwa.

Msikadirie kwa macho. Tandaza makopo sita yenye kuta zilizonyooka, fungulia maji dakika 15, kisha pima kwa rula. Ukipata wastani wa milimita 3, basi milimita 12 zitachukua saa nzima. Maji yakianza kutiririka juu, funga nusu saa, kisha endelea. Ukimaliza, chomeka bisibisi ndefu: iingie kwa urahisi angalau sentimita 12. Mvua ikileta milimita 12 au zaidi, ruka zamu hiyo. Kuacha mitambo ya kumwagilia inayojiwasha kwa saa ikimwaga katikati ya masika ni kuchezea fedha.

Mizizi iliyozoea kudekezwa msiigeuzie utaratibu kwa siku moja. Wiki ya kwanza mwagilia kila baada ya siku moja, milimita 7. Wiki ya pili mara tatu, milimita 8. Wiki ya tatu ingieni kwenye mara mbili. Grini, yaani eneo la nyasi fupi kuzunguka shimo la gofu, linalokatwa milimita 3 au 4, ina mizizi mifupi na huangaliwa kila siku. Msiitumie kama kisingizio cha kulowesha uwanja mzima.

Mkifanya hivi, nyasi zitashona na kuhimili kiangazi.

Wachezaji, nanyi mnahusika. Anayedai uwanja uwe laini na unyevu kila saa ndiye anayeuharibu: kwenye grini iliyolowa mpira wa gofu ukidondoka unachimba zaidi na viatu vinaacha alama. Kishimo kilichochimbwa na mpira kizibe papo hapo. Chomeka uma mdogo wa kuzibia pembeni mwa kishimo, sukuma nyasi kuelekea katikati, kisha gandamiza kwa fimbo ya kupatia, ile ya kusukumia mpira shimoni. Msiinue udongo kutoka chini, mnakata mizizi. Pale fimbo ilipong'oa pande la ukoka, jazeni mchanga mpaka usawa wa udongo. Lile pande mara nyingi halishiki tena. Toroli la begi lisipite juu ya grini wala ukingoni mwake, hata kama kedi, msaidizi anayebeba begi, ana haraka.