Kama chakula cha baharini hukutoa mabaka: ya kuzingatia kabla ya shughuli

Kabla ya kujinyima samaki maisha yote, chunguza kwanza kinachokudhuru ni nini. Wapo wengi pwani wanaosema jodari anawatoa vipele, kumbe tatizo ni kukosa barafu. Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto saa kadhaa, bakteria huzalisha kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na ikishaingia humo haitoki hata umkaange samaki mpaka akauke. Ukimla, pengine ulimi utahisi ukali kama wa pilipili. Haipiti saa moja, uso na shingo vinawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Mara nyingi mliokula sinia moja mnawashwa zaidi ya mmoja. Kamba na kaa ni habari nyingine: unajikuna peke yako, wenzako wanaongeza mchuzi. Hapo ni aleji, na kupika hakusaidii kitu.

Kwa hiyo ukinunua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, nenda asubuhi na ndoo ya barafu. Macho maang'avu na matamvua mekundu ni dalili nzuri, lakini histamini haina harufu, basi muuzaji aulizwe pia samaki amelala wapi.

Ukialikwa harusini, mpigie mpishi simu siku moja kabla. Usiishie kuuliza kama kuna kamba. Uliza kama mafuta yaliyokaangia kamba ndiyo yatakaangia samaki na sambusa, na kama uduvi umetiwa kwenye mchuzi wowote. Utaonekana una madeko. Sawa tu.

Setirizini, dawa ya aleji, iwe mkobani, si kabatini nyumbani, na kipimo chako ukijue mapema kwa mfamasia. Dawa hiyo hutuliza muwasho, haifungui koo. Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, unahitaji sindano ya adrenalini ya paja, na haraka. Ndiyo maana kabla ya kutoka ujue hospitali ipi karibu na ukumbi inapokea wagonjwa usiku, na nani ana gari.

Mabaka yakitokea, yapige picha na uandike ulichokula na saa, kwa sababu mara nyingi hufutika kabla hujamfikia daktari. Na ukipangiwa kipimo cha aleji cha kuchomwa ngozini, muulize uache setirizini lini. Kwa kawaida ni kama wiki moja kabla, la sivyo majibu yatadanganya.