Kabla Mama hajaanza sindano ya mifupa

Familia nyingi zikiandikiwa sindano ya mifupa, yaani ya kutibu mifupa iliyodhoofika na kuvunjika kirahisi, huuliza bei, zinachangishana, zinalipa, basi. Naomba muanze na maswali mengine mawili: hii ni sindano gani, na ya pili ni lini? Majibu yake ndiyo yatakayowaambia mjipange vipi kwa fedha, na hofu ipi ina msingi.

Zinazotumika sana ni mbili. Denosumab, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Prolia, ni miligramu 60 zinazochomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6. Asidi ya zoledroniki ni miligramu 5 zinazoingia mshipani kwa dripu mara moja kwa mwaka, kwa dakika zisizopungua 15. Zote zinafanya kazi. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, zoledroniki ilipunguza mivunjiko ya uti wa mgongo kwa asilimia 70 na ya nyonga kwa asilimia 41 ndani ya miaka 3. Denosumab mwaka 2009 ilionyesha asilimia 68 na 40. Kwa mama wa miaka 70, nyonga ikivunjika ni upasuaji, miezi ya kitandani, na wengine hawarudi kutembea kama zamani. Madhara ya dawa yapimwe mkiwa mnalijua hilo.

Tofauti kubwa iko kwenye kuacha. Zoledroniki hung'ang'ania ndani ya mfupa muda mrefu, ndiyo maana baada ya miaka 3 hivi daktari anaweza kumpumzisha mgonjwa. Denosumab haikai hivyo. Miezi 6 ikipita bila sindano nyingine, mfupa huanza kuliwa kwa kasi kuliko hata kabla ya tiba, na wapo waliovunjika pingili kadhaa za mgongo ndani ya miezi michache baada ya kuacha. Kwa hiyo kama fedha ya sindano ya kwanza imepatikana kwa mchango wa kundi la WhatsApp na hakuna anayejua ya pili itatoka wapi, mwambieni daktari hivyo hivyo, bila aibu. Huenda dripu ya mara moja kwa mwaka, au vidonge vya alendroneti vya kila wiki, vikamfaa mama yenu zaidi. Na kama denosumab imeshaanza na hali ya fedha inayumba, rudini kliniki kabla tarehe haijafika, mbadilishiwe dawa. Kukaa kimya mpaka mwezi wa 7 upite ndiyo hatari yenyewe.

Kwenye hesabu, msiandike dawa peke yake. Kuna kumwona daktari, kipimo cha uzito wa mifupa, vipimo vya damu vya kreatinini (kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), kalsiamu na vitamini D, ada ya kuchomwa, na nauli, kwa sababu kwa walio mbali na miji mikubwa safari peke yake ni gharama. Mwenye bima aulize mapema kama dawa hiyo imo kwenye kifurushi chake na kama inahitaji kibali, maana kibali kinaweza kuchukua muda na kalenda ya denosumab haisubiri. Ulizeni pia toleo la kampuni nyingine. Zoledroniki inatengenezwa na viwanda vingi, na la kwanza la denosumab liliidhinishwa Marekani Machi 2024. Sharti langu moja tu: kwa Tanzania liwe limesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na linunuliwe famasi inayotoa risiti.

Denosumab hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na haitakiwi kuganda. Nimeona boksi likikabidhiwa ndani ya mfuko laini, limelaliana na pakiti ya barafu. Zungushieni kitambaa katikati, tumieni kibegi cha baridi, na kwa joto la Dar au Tanga msipitie popote njiani. Ikiwezekana ilipwe na kuchomwa hospitali ile ile.

Sasa madhara. Linalonisumbua zaidi ni kalsiamu kushuka baada ya denosumab, hasa kwa mwenye figo mbovu. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo lake kali kabisa kwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu. Mama mwenye kisukari au presha ya muda mrefu asichomwe kabla kreatinini na kalsiamu hazijaonekana. Zoledroniki nayo haitolewi figo zikiwa zimeshuka sana. Baada ya sindano, ganzi kuzunguka mdomo, vidole kuchomachoma au misuli kukaza si uchovu wa uzee, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Habari za taya kuoza zinatisha watu, na nyingi zinatoka kwa wagonjwa wa saratani, ambao hupewa dawa hizi kwa wingi na kwa karibu zaidi. Kwa mifupa dhaifu ni nadra. Hata hivyo jino bovu ling'olewe na fizi ipone kabla ya kuanza, na daktari wa meno aambiwe daima. Nadra pia ni paja kuvunjika baada ya miaka mingi ya dawa. Maumivu mapya ya paja au kinena yasiyoisha yasemwe.

Dripu ya kwanza ya zoledroniki mara nyingi huleta homa, kichwa na mwili kuuma ndani ya siku 3. Anywe maji ya kutosha kabla, na paracetamol iwe ndani, kama daktari hajamkataza. Lakini sisi tunaishi kwenye malaria. Msiseme tu "ni ile dripu": akipata homa apimwe malaria, na ikipita siku ya 3 arudi hospitali na karatasi inayoonyesha jina la dawa na tarehe aliyowekewa.