Namna ya Kuchapa Picha ya Mtoto wa Punda kwa Sindano Kavu

Renée Sintenis, mchongaji wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1888 na 1965 na ambaye dubu wake ndiye anayetolewa kuwa tuzo katika tamasha la filamu la Berlin, alichora pia watoto wa farasi kwa sindano juu ya bamba la madini, akitumia mistari michache na kuiacha sehemu kubwa ya mwili iwe karatasi tupu. Njia hiyo, iitwayo draipointi, yaani sindano kavu, haihitaji tindikali, na kwa hivyo mtu aliyeko Unguja au Pemba anaweza kuifanya barazani kwake.

Mtazame kwanza mnyama mwenyewe. Mtoto wa punda ana miguu mirefu isiyolingana na kiwiliwili chake, magoti manene, na masikio ambayo kichwa bado hakijayamudu. Mchore kwa penseli mara nyingi akiwa amesimama kando ya mama yake aliyefunguliwa garini, ukitafuta mahali uzito unapokaa. Manyoya yasikushughulishe, kwa maoni yangu ndiyo yanayoharibu picha nyingi za wanyama wachanga.

Bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 1 hivi linatosha, na sonara anaweza kukukatia. Lainisha kingo zake kwa tupa ili zisiipasue karatasi, kisha lisugue kwa msasa laini uliotiwa maji.

Hapa ndipo kazi ilipo. Sindano ya chuma kigumu haiondoi shaba, bali huilima na kuisukuma pembeni, ikaacha ukingo mdogo wenye makali ambao utauhisi ukipitisha kidole juu yake polepole. Ukingo huo ndio unaonasa wino na kuufanya mstari uwe mweusi wenye kingo laini kama mahameli. Ukiinamisha sindano, ukingo huinuka upande mmoja na weusi huwa mzito. Ukiisimamisha wima, mstari hutoka mwembamba. Basi kandamiza penye goti, kwato na chini ya tumbo, na mgongoni pitisha mkono mwepesi, hata mstari ukikatika. Kumbuka kwamba punda anayeelekea kushoto kwenye bamba ataelekea kulia kwenye karatasi.

Paka wino mzito wa mafuta, kisha ufute kwa shashi bila ya kukandamiza, kwani kufuta kwa nguvu huvunja ukingo. Karatasi nene ya pamba irowekwe na ikaushwe juujuu hata isimeremete. Pitisha bamba, karatasi na blanketi la sufu katika mashine yenye roli mbili za chuma zinazobana, ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuiunda. Kuisugua karatasi juu ya bamba kwa mgongo wa kijiko hufaa pia, ingawa picha hutoka hafifu.

Ukingo huchakaa upesi, na baada ya nakala kumi au ishirini weusi huanza kupungua. Kwa hivyo ziandike nambari kwa penseli kwa mfuatano wa kuchapwa, na bamba lipake mafuta kabla ya kulihifadhi, maana hewa yetu ya chumvi haiiachi shaba salama.