Kufua, Kudeki na Kutembea Sokoni: Jinsi ya Kuhesabu Shughuli za Kila Siku Mara Moja Tu Unapofuatilia Kalori

Mteja wangu mmoja, mwanamke wa miaka 38 anayepika na kuuza chakula jijini Dar es Salaam, aliniletea daftari lake baada ya wiki sita za kufuatilia kalori bila kupungua hata nusu kilo. Chakula alikuwa amekiandika vizuri, mpaka kijiko cha mafuta ya kukaangia. Tatizo lilikuwa kwenye ukurasa wa mazoezi, ambako kila siku aliandika mambo matatu: kutembea kwenda sokoni na kurudi dakika 40, kufua nguo na vitambaa vya biashara kwa mikono saa nzima, kisha kufagia na kudeki nusu saa. Programu ya simu ilimpa kalori 580 kwa kazi hizo, naye akazila.

Hakuwa amedanganya, kwa maana kazi zile alizifanya kweli. Kosa ni kwamba programu ileile ilikuwa imekwisha kuzihesabu siku ya kwanza, pale alipoulizwa maisha yake yakoje akajibu kwamba ana shughuli za wastani. Hatua zinazofuata ndizo ninazotumia na wateja wangu ili kila kazi iingie kwenye hesabu mara moja, na nitatumia namba za mama huyu tangu mwanzo hadi mwisho. Kalori ninazozitaja ni kilokalori, zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, anayetumia insulini, au mtu aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua, asianze hesabu hizi bila kuongozwa na daktari au mtaalamu wa lishe.

Hatua ya 1: Tafuta nishati ya mwili uliopumzika

Hii ni nishati ambayo moyo, ubongo, ini na viungo vingine hutumia hata ukishinda kitandani. Mlinganyo ninaoutumia ni wa Mifflin-St Jeor, uliochapishwa mwaka 1990: zidisha uzito wako wa kilo kwa 10, ongeza urefu wako wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, kisha toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume huongeza 5 kwenye jibu, na mwanamke hutoa 161.

Mteja wangu ana kilo 74 na urefu wa sentimita 160. Kwa hiyo ni 740 jumlisha 1000, toa 190, toa 161, na jibu ni kalori 1389 kwa siku, yaani kama kalori 58 kwa saa. Ihifadhi namba hiyo ya saa, kwa sababu tutairudia.

Hatua ya 2: Chagua njia moja ya kuhesabu mwendo wako

Kuna njia mbili tu. Katika ya kwanza unazidisha nishati ya kupumzika kwa namba inayowakilisha maisha yako yote ya kawaida, kazi za nyumbani zikiwemo, na baada ya hapo huandiki tena kufagia wala kutembea. Katika ya pili unaanza na namba ya mtu anayekaa tu, halafu unaandika kila shughuli kadiri unavyoifanya. Ukizichanganya, unajilipa mara mbili kwa kazi moja.

Wateja wengi huniuliza hapa, tena wengine kwa kukereka kidogo, iwapo ninamaanisha kwamba kufua si mazoezi. Kwa afya ya moyo na misuli, kazi inayokupandisha pumzi ina manufaa yake hata kama hukuvaa raba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, unazitambua kazi za nyumbani na safari za miguu, na hauna tena sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10. Kwa hiyo kwenye hesabu ya dakika za afya, andika kufua bila wasiwasi. Swali la kalori ni jingine kabisa: tunauliza kama kazi hiyo imo tayari kwenye namba uliyopewa ya kula.

Ushauri wangu kwa mtu ambaye siku zake zinafanana ni kuchukua njia ya kwanza. Njia ya pili inamfaa zaidi mtu ambaye leo yuko ofisini kutwa nzima na kesho yuko shambani na jembe.

Hatua ya 3: Ukichagua kizidishi, kichague kwa mwendo wala si kwa uchovu

Vizidishi vinavyotumika kwenye programu nyingi ni 1.2 kwa anayekaa tu, 1.375 kwa shughuli nyepesi, 1.55 kwa shughuli za wastani, 1.725 kwa nyingi, na 1.9 kwa kazi nzito mno. Maelezo yake kwa kawaida yanataja siku za mazoezi kwa wiki, jambo linalomchanganya mama ambaye hajawahi kuingia ukumbi wa mazoezi lakini hakai chini mpaka saa mbili usiku.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na mteja. Watu hujipima kwa jinsi wanavyojisikia jioni, na uchovu ni shahidi mbaya. Dereva wa daladala hurudi nyumbani hoi kwa jua, foleni na kelele za abiria, lakini ameshinda amekaa. Mhasibu anayefunga hesabu za mwisho wa mwezi huchoka kuliko anavyochoka mwanafunzi anayetembea kilomita nne kwenda chuoni, ilhali mwendo wake ni mdogo zaidi. Uliza miguu yako ilikuwa inafanya nini, na kwa saa ngapi.

Simu iliyo mfukoni inaweza kukusaidia kujibu. Hesabu hatua zako kwa siku saba za kawaida, kisha tafuta wastani. Katika uainishaji unaotumika sana, chini ya hatua 5000 kwa siku ni maisha ya kukaa, kati ya 5000 na 7499 ni shughuli chache, kati ya 7500 na 9999 ni shughuli za kiasi, na kuanzia 10000 mtu anahesabiwa kuwa na shughuli za kutosha. (Namba 10000 yenyewe ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kwa hiyo usiichukulie kama mstari wa uzima na mauti.) Hatua hazioni kufua wala kutwanga, kwa sababu mikono hufanya kazi huku miguu imetulia, kwa hiyo mtu wa kazi za namna hiyo anaweza kupanda ngazi moja ya kizidishi.

Mteja wangu alikuwa na wastani wa hatua 8900, na kazi za mikono juu yake. Kizidishi cha 1.55 kilimfaa: 1389 mara 1.55 ni 2153. Tukitoa 400 ili apungue polepole, anabaki na 1753, ambayo tuliifanya 1750. Sasa ongeza zile kalori 580 alizokuwa akizila kila siku, uone kwamba alifikia 2330, yaani juu ya makadirio ya kiwango cha kumfanya abaki na uzito uleule. Daftari lake lilikuwa likieleza sababu ya mzani kutoshuka kwa wiki zote sita.

Hatua ya 4: Ukichagua kuorodhesha, toa kile ambacho ungetumia hata ungekaa

Orodha za gharama za shughuli, ambazo chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1993 na ya hivi karibuni mwaka 2024, hutumia kipimo kiitwacho MET. MET 1 ni nishati ya kukaa kimya. Kutembea kwa mwendo wa kawaida mahali tambarare ni kama 3.5, kufua kwa mikono ni kama 4, kufagia na kudeki tunaweza kukadiria 3, na kukimbia polepole ni kama 7.

Mtego upo mahali pawili. Kwanza, namba hizo ni za jumla, na ndani yake imo ile MET 1 ambayo umekwisha kulipwa katika Hatua ya 1, hivyo ni lazima uitoe. Pili, desturi ni kuchukulia kwamba MET 1 ni kalori 1 kwa kila kilo kwa saa, ambayo kwa mteja wangu ingekuwa 74, wakati tuliona kwamba nishati yake ya kupumzika ni 58. Kadiri mtu anavyokuwa na mafuta mengi mwilini, ndivyo pengo hilo linavyoelekea kuwa kubwa.

Tukizirekebisha zote mbili, kutembea dakika 40 kunampa kalori 97, kufua saa moja 174, na kudeki nusu saa 58. Jumla ni 329 badala ya 580. Anayetumia njia hii ajumlishe kiasi hicho kwenye 1389 mara 1.2, ambayo ni 1667, wala asikijumlishe kwenye 2153.

Hata hiyo 329 nisingeila yote. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ya watu wazima 30 wa Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ambako wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku nzima haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi ofisini. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi na sababu, lakini kwa mtu mwenye daftari mkononi maana yake ni kwamba mwili unaweza kubana matumizi mahali pengine unapoutumikisha zaidi. Mimi humwambia mteja ale nusu ya kalori za orodha, kisha asubiri mzani useme.

Kuhusu saa janja, nitasema kwa ufupi. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2017, vifaa saba vya mkononi vilipimwa, na hata kile kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27. Mapigo ya moyo vilisoma vizuri. Kalori za saa usizile.

Hatua ya 5: Mazoezi ya makusudi yaandike peke yake

Kukimbia Jumamosi, mpira wa jioni au saa moja ya vyuma ni mambo unayoweza kuyaandika, iwapo hukuyahesabu ulipochagua kizidishi. Tumia hesabu ya Hatua ya 4, ukitoa MET 1. Kanuni ninayoifuata kwa mashaka yote ni hii: jambo linalojirudia kila wiki kwa kiasi kilekile limo kwenye kizidishi, na jambo la nadra na kubwa, kama kuhamisha nyumba au siku nzima ya kuvuna, huandikwa.

Hatua ya 6: Iache mizani iamue

Pima uzito kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kunywa chochote, kisha tumia wastani wa wiki. Wiki ya kwanza iache, kwa sababu maji na chumvi huvuruga. Linganisha wastani wa wiki ya 2 na wa wiki ya 6, ambazo zimepishana siku 28. Mwanamke mwenye mzunguko wa kawaida wa hedhi atakuwa anajilinganisha karibu katika siku zilezile za mzunguko.

Mteja wangu alianza upya, akila wastani wa 1750 bila kuandika kazi za nyumbani, na tofauti ya wastani hizo mbili ilikuwa kilo 1.2. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7700, hivyo 1.2 mara 7700 gawanya kwa 28 ni 330. Ukijumlisha 1750 na 330 unapata 2080, nayo ndiyo matumizi yake halisi, yaani kizidishi cha karibu 1.5. Kama alisahau mafuta kidogo kila siku kwa kiasi kilekile, kosa hilo limo ndani ya 2080 na halitamsumbua, mradi aendelee kuandika kwa namna ileile.

Hatua ya 7: Badilisha namba maisha yanapobadilika

Rudia Hatua ya 6 ukipungua kilo tano, ukibadilisha kazi, au ukinunua pikipiki. Mama huyu aliajiri msichana wa kumsaidia kufua na kwenda sokoni, na hatua zake zikashuka hadi 6200. Tulimteremsha hadi 1.4 siku hiyohiyo, tukampangia tarehe ya kupima upya baada ya wiki sita.