Somo: Kuusaka mtama wa asili unaokinza fugwe, kuvu inayogeuza punje kuwa unga mweusi

Huku Dodoma mtu hukuonyesha suke safi akakuambia, "Huu haushikwi na fugwe." Huenda kweli. Huenda pia haijawahi kuufikia, na mmea uliopona kwa bahati hauna cha kurithisha.

1. Kusanya. Omba mbegu kwa wazee wa Mvumi, Bahi na Kongwa wanaojitunzia wenyewe. Andika jina, kijiji na mwaka juu ya kila mfuko. Jina peke yake halitoshi, maana vijiji viwili huweza kuita aina mbili jina moja.

2. Pata ugonjwa. Tafuta masuke ambayo punje zimegeuka vifuko vya kijivu. Kiminye kimoja kwa kucha: unatoka unga mweusi, ndio vimbegu vya kuvu. Suke zima likiwa bonge jeusi, liache. Hiyo ni fugwe nyingine, ya udongoni. Funga pua kwa kitambaa, kisha changanya gramu 5 hivi za unga kwa kilo ya mbegu isiyotiwa dawa. Inayobaki ifukie, isiliwe na mtu wala kuku.

3. Panda. Kila aina mstari wake, urudie sehemu tatu za shamba, na kila sehemu iwe na mstari wa aina unayojua inaugua. Huo usipougua, jaribio zima halina maana. Kuvu huingia mche ukiota, hujificha ndani mpaka masuke yatoke, kwa hiyo usihangaike kukagua majani.

4. Hesabu. Masuke yote, kisha yaliyougua. Utakayotunza yafunike kwa mfuko wa kaki kabla ya kuchanua, chavua ya jirani isiingie. Rudia msimu ujao.

5. Soma urithi. Aina iliyosimama, ichavushe na inayougua. Kizazi cha pili kikikaribia wazima 3 kwa mgonjwa 1, huenda ni jeni (chembe ya urithi) moja inayotawala. Ila hata aina dhaifu haiugui mimea yote. Linganisha na mstari wake kwanza.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Dawa ya mbegu ipo, taabu yote hii ya nini?*
Marahaba. Dawa inafanya kazi, tena vizuri. Lakini hununuliwa kila msimu, na wengi wetu tunapanda mbegu ya ghalani.

*Nina mmea mmoja mzima katikati ya wagonjwa. Niuchukue?*
Chukua, lakini usiusifu bado. Panda watoto wake kwa unga uleule.

*Niko Hanang, nalima ngano. Nipake unga wa kutu, ile kuvu ya ngano?*
Hapana dada, kutu husafiri kwa upepo. Zungushia mistari ya ngano dhaifu ieneze ugonjwa, kisha kadiria kutu kwenye shina na majani. Na usitegemee jeni moja: Sr31, jeni ya kukinza kutu ya shina, ililinda ngano miaka mingi, hadi kutu ya Ug99 ilipoonekana Uganda mwaka 1998 na kuishinda. Ngano inayougua polepole nayo itunze.

*Na kiduha?*
Hicho ni gugu linalonyonya mizizi, kipimo chake ni kingine. Kwa sasa ulizia mbegu ya Hakika au Wahi pale TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo; ni aina za mtama zinazostahimili kiduha.