Vidonge vya damu: namna ya kuvimeza vifanye kazi

Ukimeza vidonge vya damu, yaani vya madini ya chuma, mwezi mzima na HB (kipimo cha wingi wa damu) ikabaki palepale, kabla ya kuvilaumu angalia ulivimeza na nini. Tanini zilizomo kwenye chai na kahawa hushikana na madini ya chuma tumboni, yakaishia chooni bila kuingia mwilini. Maziwa nayo huyazuia kwa sababu ya kalisi. Meza kidonge kwa maji matupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Asiyeweza kuanza siku bila chai ameze usiku, chakula cha jioni kikishashuka. Juisi ya chungwa lililokamuliwa muda huohuo inasaidia, maana vitamini C huyafanya madini ya chuma yanyonywe kwa urahisi. Huna haja ya kununua vidonge vya vitamini C.

Kwenye lebo usidanganywe na namba kubwa. Kidonge cha aina ya ferasi salfeti cha 200 mg kina chuma chenyewe kama 65 mg tu, na ferasi fumareti ya 200 mg ni karibu hivyohivyo. Ferasi glukoneti ya 300 mg ina kama 35 mg, ndiyo maana wengi huiona laini tumboni. Dawa za maji zenye maboksi ya kupendeza zipime kwa kigezo hichohicho: kijiko cha 5 ml kina chuma chenyewe kiasi gani? Nyingine ni sukari na bei.

Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linashauri chuma 30 hadi 60 mg pamoja na asidi ya foliki 0.4 mg kila siku katika ujauzito wote, hata kama HB yake ni nzuri. Upungufu wa damu huhesabiwa HB ikishuka chini ya 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi mitatu ya kati), 12 kwa mwanamke asiye na mimba na 13 kwa mwanaume. Hapo dozi hupangwa na mtaalamu. Ukisahau jana, usimeze viwili leo. Baada ya dozi ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, inayobana unyonyaji wa chuma kwa takriban siku nzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya kidonge cha ziada itabaki kukuchafua tumbo.

Pima tena baada ya wiki 4. HB inapaswa kuwa imepanda kwa karibu 2. Isipopanda na umemeza sawasawa, damu huenda inavuja mahali: minyoo ya safura, hedhi nzito, vidonda vya tumbo. Ikifika kawaida, endelea miezi 3 zaidi ili akiba ya mwili ijae. Wengi huacha kizunguzungu kikiisha tu, na baada ya muda wanarudi walikotoka.

Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida. Kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo inaweza kuwa damu, nenda hospitali. Kichefuchefu kikizidi, meza pamoja na chakula kidogo. Utapoteza sehemu ya chuma, lakini ni afadhali kuliko kuacha kabisa. Kwa kufunga choo, ongeza maji, papai na mboga za majani. Dawa ya maji inywe kwa mrija, la sivyo meno yatapata madoa.

Sasa choya, juisi nyekundu ya rozela, ambayo kila mtaa una mtu anayeisifia. Wekundu wake unatokana na rangi ya mmea, wala si dalili ya chuma. Inywe kwa utamu wake, ila usimezee kidonge. Mchicha, kisamvu na matembele vina chuma, lakini cha mimea hunyonywa kidogo; kamulia ndimu mezani, au changanya na dagaa. Nyama na maini ni bora zaidi, isipokuwa mjamzito asile maini mara kwa mara, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Na hamu ya udongo au pemba mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua. Kuula huzidisha tatizo, maana udongo nao unaweza kukishika chuma tumboni.

Dawa za kiungulia, na antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, zisikutane tumboni na chuma, vinaharibiana kazi. Mwulize mfamasia muda wa kuzitenganisha. Dawa ya tezi ya levothairoksini iachane nacho kwa saa 4. Mjamzito anayepewa SP kuzuia malaria asitumie foliki ya 5 mg wakati huo, kwa sababu dozi hiyo huipunguzia SP nguvu. Ile ya 0.4 mg haina shida. Mwenye selimundu asimeze chuma mpaka apimwe akiba yake: damu yake hupungua kwa chembe kuvunjika, na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma cha kuzidi.

Vidonge vifungie juu, mbali na watoto. Vingi vimepakwa rangi na sukari, mtoto huona pipi. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge 4 vyenye chuma cha 60 mg tayari vinaweza kumdhuru, na 10 vinaweza kumuua. Huanza kutapika na kuhara, pengine damu, kisha hutulia kwa saa kadhaa kana kwamba amepona, huku sumu ikishambulia ini na moyo. Usisubiri dalili na usimpe makaa, hayashiki chuma. Mkimbize hospitali na pakiti mkononi, ili wahesabu vidonge vilivyobaki.